Ufahamu: Mlango wa Bweni Uwe Wapi?

Soma kifungu cha habari kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali.

Juni 1994, moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, na kuua wasichana zaidi ya 40. Msiba huo unatukumbusha kuwa ramani ya bweni ni suala la uhai. Mchoraji anajua vipimo, lakini wewe unayelala humo ndiye unayejua matranka yanakorundikwa na njia inakozibwa usiku. Tena, mwanafunzi wa milima ya Mbinga hufunga madirisha kwa baridi. Mwenzake wa Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, huyafungua kwa joto. Ramani moja haiwezi kuwafaa wote wawili bila kuwauliza.

Hata hivyo, wengi hawajui kusoma ramani; wakionyeshwa huitikia tu. Wape kitu cha kushika. Tuseme bweni lina meta 8 kwa 6. Kwa skeli ya 1:20, meta 1 ni sentimeta 5. Hivyo sakafu ni kipande cha katoni cha sentimeta 40 kwa 30. Kitanda cha meta 2 kwa 1 kiwe kipande cha sentimeta 10 kwa 5. Kata na matranka. Kila mtu avipange anavyoona, kisha pitisheni kipande chenye upana wa sentimeta 5 kutoka kila kitanda hadi mlangoni. Kikikwama, punguzeni vitanda au ongezeni mlango.

Baadaye nendeni kiwanjani na vigingi na kamba. Kona zikiwa sawa, kamba ya kona hadi kona itakuwa meta 10, kwa kanuni ya Pythagoras. Watu watembee humo, akiwemo anayetumia magongo. Mhandisi ataamua uimara wa jengo, ila asikie kwanza. Kuhamisha kigingi ni kazi ya dakika moja. Kuhamisha ukuta ni kuubomoa.

Maswali
(a) Kwa nini ramani moja haifai Mbinga na Mbamba Bay?
(b) Eleza maana ya: (i) yanakorundikwa (ii) huitikia tu.
(c) Sentensi ya mwisho ya kifungu inatoa funzo gani?
(d) Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 40.

Dokezo: Katika (c), usinakili sentensi ya kifungu. Eleza kwa maneno yako mwenyewe.