Namba E220 kwenye Pakiti

Wiki chache zilizopita mama mmoja aliniletea pakiti ya mishmishi kavu aliyonunua Deira. Mwanawe ana pumu, na kila akizila kifua kinambana. Maandishi yote yalikuwa Kiarabu na Kiingereza, naye husoma Kiswahili. Namba, hata hivyo, husomwa na kila mtu: E220.

E220 ni dioksidi ya salfa, dawa ya kuhifadhi chakula. Ndiyo inayofanya mishmishi zibaki na rangi ya chungwa. Zisizotiwa dawa huwa za kahawia. Mliotoka Kenya mtakumbuka mwaka 2019, NTV iliporusha habari za nyama ya supamaketi iliyodaiwa kutiwa dawa za jamii hii ili ibaki nyekundu.

Kiasi chake hakijulikani kwa macho wala ulimi. Hupimwa maabara, kama Maabara Kuu ya Dubai iliyo chini ya Manispaa. Katika njia moja ya zamani inayotumika hadi leo, chakula husagwa, kikachemshwa na asidi mpaka salfa itoke kama gesi. Gesi hiyo husukumwa kwa naitrojeni hadi kwenye chupa ya haidrojeni peroksidi, ikageuka asidi ya salfa. Mkemia hudondosha sodiamu haidroksidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Kiasi alichodondosha ndicho kinachomwambia salfa ilikuwa ngapi. (Benzoeti ya soda, E211, hupimwa kwa mashine nyingine.)

Sasa tupige hesabu. Wataalamu wa FAO na WHO wameweka miligramu 0.7 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mtoto wa kilo 20 ana miligramu 14. Kanuni za Codex huruhusu hadi miligramu 2,000 katika kilo ya mishmishi kavu, kwa hiyo mishmishi moja tu, gramu 7 hivi, yaweza kumaliza fungu lake. Fungu hilo ni la kula kila siku maisha yote; kulizidisha siku moja si kula sumu. Mwenye pumu ni habari nyingine, kidogo tu chaweza kumbana.

Basi tafuteni E220 hadi E228. Zinazouzwa kwa kupimwa sokoni hazina maandishi, mtoto wa pumu asipewe. Mkishuku chakula, tunzeni pakiti na risiti, mpigie Manispaa 800900. Pakiti isiyosomeka ileteni ofisini, tutaisoma pamoja.