Usimpake Paka Mafuta ya Karafuu

Huku Kibiti na delta ya Rufiji paka ni mlinzi wa mpunga. Bila yeye, panya hula ghalani. Viroboto wakimsumbua, wengine humpaka mafuta ya karafuu au ya mkaratusi. Hawana nia mbaya: mafuta ya karafuu huwatuliza wao jino linapouma. Lakini paka hujilamba manyoya, na mafuta humwingia tumboni. Ini la mtu huvunja ukali wake. Ini la paka halina nguvu hiyo. Atatoka udenda, atatapika, atayumba. Mwoshe upesi kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Usimtapishe. Mpeleke kwa bwana mifugo, na chupa ya mafuta uichukue. Viroboto watoe kwa kitana chembamba, uwatumbukize katika maji ya sabuni.