Kizimba cha Plastiki cha Nyoka wa Kufugwa: Namna ya Kukichagua na Kukiunganisha kwa Usalama wa Familia

Nchini Uingereza nyoka asiye na sumu hufugwa nyumbani kama wanavyofugwa paka na ndege. Kwa mzazi aliyekulia mahali ambapo nyoka akiingia ndani huitwa majirani na fimbo, jambo hili ni geni. Hata hivyo, kijana wake anapoomba kununuliwa chatu mdogo, mzazi anahitaji maarifa kabla ya kutoa jibu.

Hatari iliyofichika

Nyoka mwenye afya njema anaweza kubeba tumboni bakteria wa salmonela pasipo kuonyesha dalili yoyote. Bakteria hao hutoka na kinyesi, kisha huenea kwenye ngozi yake, bakuli la maji na kuta za kizimba. Mtu huambukizwa hata asipomgusa nyoka. Hutosha kugusa kizimba kisha kula bila kunawa mikono.

Ugonjwa huu huwa mkali zaidi kwa watoto walio chini ya miaka 5, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu ya mwili. Nyumba yenye mtoto mchanga inashauriwa kutofuga nyoka kabisa. Kizimba kizuri hupunguza hatari hii, hakiiondoi.

Kuchagua kizimba

Mbao zisizopakwa vizuri hunywa maji na uchafu, na kilichokwisha kuingia ndani hakitoki kwa kuoshwa. Plastiki ngumu, hasa mbao bapa za PVC, hainywi maji na hufutika kwa urahisi. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kiafya. Mnunuzi aangalie mambo haya:

- Ukubwa: nyoka aweze kujinyoosha mwili mzima. Nyoka wa sentimita 120 anahitaji kizimba chenye urefu usiopungua kiasi hicho.
- Milango: iwe na kufuli. Nyoka husukuma kwa pua yake kila penye upenyo.
- Matundu ya hewa: yawe madogo kuliko kichwa cha nyoka.
- Sehemu za ndani: ziwe laini, zisizo na nyufa za kuficha uchafu.

Kukiunganisha

1. Mahali pachaguliwe kwanza. Kizimba kisiwekwe jikoni, chumba cha kulia chakula, wala wanakolala watoto. Kisimame juu ya meza imara, mbali na dirisha lenye jua.
2. Mbao za plastiki ziunganishwe juu ya sakafu tambarare. Skrubu zikazwe kwa bisibisi ya mkono, kwani mashine hupasua plastiki.
3. Viungo vya chini vizibwe kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, ili mkojo na maji visipenye. Silikoni nyingi hutoa harufu kama ya siki. Nyoka asiingizwe mpaka ikauke na harufu iishe kabisa.
4. Taa ya joto izungushiwe kikingio cha waya na iwekwe umbali ulioelekezwa na mtengenezaji, kwani plastiki hulainika kwa joto kali. Kila chombo cha joto kiunganishwe na thamostati, yaani kidhibiti joto. Pasipo kidhibiti hicho, nyoka anaweza kuungua na moto unaweza kuzuka.
5. Kizimba kiwashwe kwa siku nzima kikiwa kitupu. Kwa chatu mdogo, upande wa joto ukaribie nyuzi 32 za Selsiasi na upande wa baridi nyuzi 25.

Usafi wa kila siku

Kinyesi kiondolewe mara kinapoonekana. Kizimba kioshwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kisha kwa dawa ya kuua vijidudu, na kisuuzwe. Vyombo vyake visioshwe katika sinki la jikoni. Ndoo na kitambaa vitengwe kwa kazi hiyo pekee.

Panya wa kulisha nyoka huuzwa wakiwa wamegandishwa, lakini barafu haiui salmonela. Wasihifadhiwe pamoja na chakula cha watu, wala wasiyeyushwe jikoni au katika mikrowevu ya familia. Kila aliyegusa nyoka, panya au kizimba anawe mikono papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, na mtoto anawe akisimamiwa na mtu mzima.

Mtu akiugua

Kuharisha, homa na maumivu ya tumbo kwa kawaida huanza kati ya siku moja na tatu baada ya kuambukizwa. Mgonjwa anywe maji kwa wingi. Kukiwa na damu katika choo, au mgonjwa akiwa mtoto mchanga au mzee, familia impigie daktari wake au simu 111. Hali ikiwa ya hatari, ipige 999. Huduma ya mkalimani huombwa bila malipo.

Daktari aambiwe waziwazi kwamba nyumbani kuna nyoka. Si jambo la kuonea haya: habari hiyo humsaidia kuchagua kipimo sahihi mapema.