Dondoo muhimu: Alama ndogo za LSAT

LSAT, mtihani wa kuombea vyuo vya sheria Marekani, hutoa alama 120 hadi 180. Kabla ya kukata tamaa, soma takwimu ambazo vyuo vilivyoidhinishwa na Chama cha Wanasheria cha Marekani hulazimika kuchapisha kila mwaka: zinaonyesha hata alama ya robo ya chini ya waliojiunga. Hao nao walikubaliwa. Utaambiwa walibebwa na matokeo mazuri ya shahada ya kwanza. Mara nyingi ni kweli, ndiyo maana insha tamu ya maombi peke yake haitoshi. Ukiweza, rudia mtihani, kwani vyuo vingi hutazama alama ya juu zaidi. Ukiambatisha barua ya kueleza alama ndogo, iwe fupi, yenye sababu inayothibitika, kama ugonjwa. Kuulaumu mtihani wenyewe hakumsaidii mwombaji.