Kuchoka si Kuzeeka: Istilahi za Seli za Kinga katika Saratani ya Mapafu

Utangulizi

Miongoni mwa saratani zote, ile ya mapafu ndiyo inayoua watu wengi zaidi duniani. Mwaka 2022 ilikadiriwa kuua watu wapatao milioni 1.8. Mgonjwa anayeelezwa hali yake kwa Kiswahili hutegemea maneno yanayoteuliwa na daktari, mkalimani au mwandishi wa kijitabu cha afya. Makala haya yanachunguza vitenzi viwili, -choka na -zeeka, ambavyo ni rahisi kuchanganywa seli za kinga zinapozungumziwa. Yanashikilia kwamba tofauti baina ya vitenzi hivi ni ya kisayansi na ya kimaana pia, na kwamba kuipuuza ni kumpa mgonjwa tumaini lisilo lake au kumnyima lililo lake.

Seli zilizochoka

Seli T ni chembechembe nyeupe za damu ambazo baadhi yake huua seli zilizoharibika. Zinapokabiliana na saratani kwa muda mrefu bila nafuu, nguvu zake hupungua. Kwenye utando wake hujitokeza kwa wingi protini iitwayo PD-1, ambayo ni mfano wa hatamu: seli za saratani huivuta kwa protini yao, PD-L1, nayo seli T ikasita. Maabara ya Tasuku Honjo nchini Japani iliitangaza PD-1 mwaka 1992, na mwaka 2018 Honjo alipata Tuzo ya Nobel pamoja na James Allison wa Marekani. Dawa kama nivolumab, iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani ya mapafu mwaka 2015, huizuia hatamu hiyo isivutwe, na baadhi ya seli zilizochoka hurejea kazini.

Seli zilizozeeka

Uzee una chanzo tofauti. Mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zinazokuzwa maabarani hugawanyika kwa kadiri maalumu, kisha hukoma. Baadaye ilibainika kwamba ncha za kromosomu, yaani telomea, hufupika seli zinapoendelea kugawanyika. Seli T iliyozeeka aghalabu hupoteza CD28, protini inayoisaidia kuitikia wito, na kupata nyingine iitwayo CD57. Hata hivyo, seli hiyo hainyamazi. Huendelea kumwaga kemikali zinazowasha na kuvimbisha tishu. Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno, lakini katika kinga ya mwili mambo huwa kinyume. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu wenye wingi wa seli T za aina hii walinufaika kidogo na dawa zinazoilenga PD-1 na PD-L1.

Ushahidi wa lugha

Vitenzi vyote viwili huchukua -me- kuonyesha hali iliyofikiwa: amechoka, amezeeka. Ila husemwa "uchovu umemtoka" na msikilizaji asishangae, ilhali "uzee umemtoka" ni kauli ambayo mzungumzaji wa Kiswahili ataikataa papo hapo. Hali ya kwanza ina marejeo. Ya pili haina. Kwa hivyo, kumwambia mgonjwa kwamba seli zake "zimechoka" ilhali zimezeeka ni kumwahidi marejeo ambayo dawa huenda isiyalete.

Kitenzi -chakaa nacho hakifai, kwani huashiria kitu kilichokwisha kazi, kama nguo kuukuu, ilhali seli iliyozeeka ingali inadhuru. Vilevile, "mgonjwa mzee" na "mgonjwa mwenye seli zilizozeeka" si mamoja: maambukizi ya muda mrefu ya virusi, na saratani yenyewe, huweza kuzizeesha seli za mtu ambaye hajafikia uzee.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba "uchovu wa seli" itumike kwa hali ya kwanza na "uzee wa seli" kwa ya pili, na neno "seli" lisiachwe, ili mgonjwa asidhani ni umri wake unaotajwa. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaotafsiri maandishi ya tiba wana wajibu wa kuipima istilahi mara mbili: kwa kamusi, kisha kwa sikio la mgonjwa atakayefanya uamuzi kwa kuitegemea.