Somo kwa Makatibu: Simu Inapopokelewa na Sauti Isisikike

Kituo cha kupokea simu za wanachama hutegemea kompyuta kuu yenye programu ya kugawa simu, kama vile Asterisk, iliyoanzishwa mwaka 1999. Programu ikikwama, mkulima aulizaye malipo yake hukosa jibu, na imani yake kwa chama hupungua.

Wengi huizima na kuiwasha kompyuta kabla ya kusoma kumbukumbu zake za matukio. Hilo ni kosa, kwani kila dalili ina chanzo chake:

(a) Upande mmoja hausikii. Maagizo ya simu hupita mlango namba 5060 wa mtandao, bali sauti hupita milango mingine, aghalabu kati ya 10000 na 20000. Yamkini kinga ya mtandao imeifunga. Ifunguliwe kwa anwani za mtoa huduma tu.

(b) Simu hukatika baada ya sekunde 32. Uthibitisho wa mapokezi haukufika. Anwani ya nje iliyoandikwa katika programu ikaguliwe.

(c) Programu husimama ghafla. Huenda simu zilizorekodiwa zimejaza diski. Zihamishiwe mahali pa salama.

Rekebisho moja lifanywe, lijaribiwe, kisha liandikwe daftarini. Fundi huondoka, daftari hubaki mali ya chama.