Pochi ya Kadi Moja: Somo la Kupima Lililomo Katika Kazi za Mikono

Kila tunaporudi chuoni kutoka kukagua mazoezi ya kufundisha, tunarudi na kumbukumbu ya madarasa yaliyopambwa kwa kazi za mikono: vikapu vya ukindu, wanyama wa udongo, bahasha na pochi za karatasi zilizopangwa dirishani. Hapana shaka mapambo hayo yanafurahisha. Hata hivyo, pambo zuri laweza kuwa pazia. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kutengeneza pochi ya mfukoni kwa kadi moja tu, na wakati huohuo kuonyesha ni hatua ipi ambayo mwalimu hana ruhusa ya kumfanyia mwanafunzi.

Tulipata kuingia katika darasa la tano la shule moja ambako mwanachuo wetu alikuwa akifundisha somo hilihili. Wanafunzi walikuwa 42, na kipindi kilipokaribia kwisha zilikuwapo pochi 42, zote safi, zote sawa kama zimetoka kiwandani. Tulimwandikia alama nzuri. Kisha tukamwomba msichana aliyeketi karibu nasi achore mstari wa sentimita 8 nyuma ya daftari lake. Akaweka rula, akaanzia penye tarakimu 1, akaishia penye 8. Jirani yake akafanya vivyo hivyo. Mistari yote miwili ilikuwa ya sentimita 7. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba mwanachuo alikesha usiku akipima na kuchora kadi zote mwenyewe ili kuokoa muda wa kipindi, na wanafunzi walikunja tu pale palipochorwa. Lawama haikuwa yake peke yake. Sisi tuliokaa nyuma ya darasa tulikuwa tumetoa alama kwa uzuri wa pochi, si kwa walichojifunza watoto.

Si jambo geni kwamba kukunja karatasi ni elimu. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya kwanza ya chekechea mwaka 1837, aliweka ukunjaji wa karatasi miongoni mwa shughuli za watoto wadogo. Nasi katika Tanzania, tangu Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, tumezoea kusema kwamba kazi ni sehemu ya masomo. Swali ni kazi ipi. Katika pochi, kazi yenye elimu ndani yake ni kupima. Kukunja hufuata tu.

Vifaa

Kila mwanafunzi awe na kadi moja yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 280. Karatasi ya manila iliyokatwa kwa kipimo cha A4 inafaa, kwani ina milimita 210 kwa 297, na hubakia kipande cha milimita 17 cha kukata. Pasipokuwa na manila, maboksi membamba ya sabuni au ya dawa ya meno hayatoshi kwa ukubwa, lakini boksi la viatu lisilo na mawimbi ndani yake laweza kutoa kadi nzuri, upande wenye maandishi ukitazamishwa juu wakati wa kuanza ili ufichike baadaye. Vinahitajika pia rula, penseli, mkasi, kalamu ya wino iliyokwisha wino, na gundi. Uji mzito wa unga wa muhogo, uliopikwa mpaka ukawa mwangavu kisha ukapoa, hubandika kadi barabara. Ila upikwe siku ileile, maana huchacha upesi.

Kabla ya kukata, kadi ijaribiwe. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi ambazo nyingi zimelala kuelekea upande mmoja. Ukiipinda kadi polepole bila kuivunja, kwanza upande huu kisha upande ule, utahisi kwamba upande mmoja inakubali na mwingine inakataa. Mkunjo unaofuata nyuzi huwa safi. Unaozikata nyuzi huelekea kupasuka. Pochi yetu ina mikunjo mitatu ya kulala, ambayo hukunjwa mara moja tu, na mmoja wa katikati, ambao utafunguliwa na kufungwa kila siku. Basi nyuzi zifuate urefu wa milimita 280, ili mkunjo wa katikati uwe nazo sambamba.

Kupima

Kadi iwekwe mezani ikiwa imesimama kwa urefu wake. Kuanzia juu kwenda chini inagawanywa katika kanda nne: mgongo wa pochi milimita 80, ukuta wa ndani 76, ukanda wa kushuka 72, na mfuko wa vitambulisho 52. Tunatumia milimita kwa makusudi, kwa kuwa mtoto ambaye bado anasitasita katika desimali hatatatizwa na nukta. Kabla penseli haijagusa kadi, wanafunzi wajumlishe namba hizo nne. Wakipata 280, waendelee. Asiyepata 280 ametambua kosa lake kabla ya kuharibu kadi, na amelitambua mwenyewe.

Hapa ndipo tunapomwomba mwanachuo atulie. Wanafunzi wengi watapima 80, watahamisha rula, watapima 76, watahamisha tena. Kila uhamisho unaleta kosa dogo, na makosa hayo hujumlishana. Njia iliyo bora ni rula kubaki mahali pamoja na alama kuwekwa penye 80, 156, 228 na mwisho 280. Usiwaambie namba hizo, waulize watazipataje. Tumeona darasa likijadili jambo hili kwa dakika kumi, na dakika hizo hazikupotea.

Kisha liko tatizo la rula zenyewe. Rula nyingi za mbao shuleni zimelika ncha, na sifuri haionekani tena. Ndiyo sababu moja ya watoto kuanzia penye 1: rula yenyewe imewafundisha hivyo. Mwalimu asiwakataze tu. Awaonyeshe kwamba mtu aweza kuanzia penye sentimita 1, ambayo ni milimita 10, mradi aongeze 10 katika kila alama: 90, 166, 238, 290. Rula ya sentimita 30 inatosha. Mtoto aliyeelewa kwa nini 80 imekuwa 90 ameelewa kwamba urefu ni nafasi iliyopo kati ya alama mbili, wala si tarakimu iliyoandikwa mwishoni mwa mstari. Kwa maoni yetu, hata kama pochi haitakamilika siku hiyo, somo limefaulu.

Alama ziwekwe kwenye kingo zote mbili za kadi, ndipo mistari iunganishwe. Kisha, katika ukanda wa mgongo peke yake, ichorwe mistari miwili ya kusimama, milimita 15 kutoka kila ukingo. Sehemu hizo mbili ndizo ndimi za kubandikia. Katika kanda tatu zilizobaki, ukingo wa kulia na wa kushoto ukatwe milimita 16, na vipande hivyo viondolewe. Mgongo bila ndimi zake una upana wa 180, na kanda nyingine zina 178. Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini zisiwe sawa. Asijibiwe bado.

Kukunja na kubandika

Mistari yote itiwe mfuo kwanza: rula iwekwe kwenye mstari, na kalamu isiyo na wino ipitishwe kwa nguvu ya kiasi, bila kuchana kadi. Mstari wa katikati unaosimama utiwe mfuo pia, katika kanda zote nne. Kisha ukuta wa ndani ukunjwe kuja mbele juu ya mgongo. Ukanda wa kushuka ukunjwe kwa nyuma. Mfuko ukunjwe tena mbele. Ni mkunjo wa kwenda na kurudi. Ikikunjwa ipasavyo, mgongo utazidi ukuta kwa milimita 4 upande wa juu, ili kidole kipate njia ya kufungua mahali pa noti. Na chini, mkunjo wa mfuko utaacha milimita 4, ili mikunjo miwili isilaliane ikavimba. Ukuta na ukanda wa kushuka vibandikwe pamoja kwa gundi nyepesi, kwa kuwa nafasi iliyo kati yao haina kazi. Gundi hiyo ikauke kidogo.

Zimebaki ndimi, na hapa ndipo pochi nyingi huharibika. Mwanafunzi hulaza pochi mezani ikiwa bapa, hubandika ndimi pande zote mbili, husubiri ikauke, kisha huikunja katikati. Papo hapo kanda za ndani hujikunyata au gundi huachia. Sababu ni unene. Tabaka la nje linazunguka kona kwa mbali zaidi kuliko matabaka yaliyo ndani, hivyo linahitaji urefu zaidi. Zile milimita 2 zilizopunguzwa ziliwekwa kwa ajili hiyo, lakini hazitasaidia kitu pochi ikibandikwa bapa. Ikunjwe kwanza katikati mpaka ifungike, kisha ifunguliwe nusu, kama kitabu kilichosimamishwa mezani, na ndimi zibandikwe hali imepinda hivyo. Ncha za ndimi zikatwe mshazari kidogo zisichomoze.

Ikifungwa, pochi ina milimita 90 kwa 80. Kitambulisho cha kawaida, chenye yapata milimita 86 kwa 54, huingia katika kila nusu ya mfuko na kujitokeza kidogo juu, jambo ambalo ndilo tunalolitaka.

Kwa darasa kubwa tunashauri vipindi viwili mfululizo, na kabla yake kipindi kimoja cha kufanya jaribio kwa gazeti kuukuu lililokatwa kwa kipimo kilekile. Gazeti ni jembamba. Litakunjika vizuri hata likibandikwa bapa. Mwanafunzi atakayefanya hivyohivyo kwa kadi na kuona pochi yake imejikunyata atakuwa na swali la kweli mkononi, na sasa ndio wakati wa kumjibu yule aliyeuliza habari ya 180 na 178.

Katika kusahihisha, mwalimu asianze na pochi nzuri. Achukue rula, apime mgongo wa kila pochi, na aandike kipimo nyuma yake kwa penseli. Pochi zenye mgongo wa milimita 70 aziweke pamoja. Wenye pochi hizo hawakukosea kukunja. Walianzia penye 1, na kesho asubuhi, kabla ya somo la hesabu, wakae naye meza moja wakiwa na rula zao.